Ua la Karafuu Iliyofunguka

9 Agosti

Msimu umeanza. Kengeja nzima iko juu ya mikarafuu, na asiyekuwa juu yuko chini anamwelekeza aliye juu. Sijapata mteja. Watakuja wakishauza, kila mama na harusi yake, na kila mmoja atataka maua ambayo hayajapata kuonekana Pemba, kisha atanitolea picha yake kwenye simu. Picha ile ile ya mkono uliochorwa hina. Mwaka jana nilionyeshwa mara nyingi mpaka naujua ukucha uliovunjika wa huyo mwanamke wa Dubai.

11 Agosti

Jua kali. Mchana kutwa niko kwa Nusaiba, nachora miguu yake.

Nusaiba ni jirani yangu na shoga yangu, na ndiye karatasi yangu. Kwetu mwanamke asiye na mume hapaki hina wala piko, ile rangi nyeusi ya maua. Mwari anangoja siku yake, mjane anaacha, na mtalaka akionekana na maua mkononi watu hawaulizi nani kamchora, wanauliza kamchorea nani. Mimi niliachwa na Nassor, mwaka wa tisa huu. Kwa hivyo mikono inayopamba maarusi wote wa kusini iko mitupu kama ya mtoto mchanga. Watu wanaona hiyo ni heshima, tena wananisifu kwayo: Mwatum fundi, na ametulia.

Basi kila ua jipya nalijaribu kwa Nusaiba, kwa sababu mumewe, Haroub, yupo, na anapenda kuona miguu ya mkewe imepambwa. Karatasi ya daftari haisaidii. Haina mfupa, haina mshipa, haicheki ukipitisha kijiti kwenye kisigino. Safari hii nataka ua la karafuu. Si karafuu ya kuchumwa, iliyofumba. Hiyo hata mtoto anaichora. Nataka iliyofunguka, yenye nyuzi zake nyembamba zilizotawanyika kama kope. Watu wa hapa wameishi chini ya mikarafuu umri wao wote na hawajapata kulitazama ua lake, maana karafuu ikishafunguka imeharibika, hainunuliwi. Kitu kisichonunuliwa Kengeja hakionekani kwa macho.

Nyuzi zimekuwa nene. Nusaiba kasema, "Mbona wanitia utitiri miguuni?"

12 Agosti

Nimerudia. Mguu wa kulia umetoka mzuri hasa. Sijapata kuchora mguu kama ule.

13 Agosti

Mteja mmoja, kucha tu. Alilalamika toka anaingia mpaka anatoka.

16 Agosti

Haroub ameanguka mkarafuu. Jana asubuhi, tawi limekatika naye yuko juu kabisa. Alifika hospitali hai, akarudi maiti. Tumemzika leo.

Baada ya maziko shangazi zake Haroub waliingia chumbani kumvisha Nusaiba nguo za eda, wakaiona miguu. Piko ilikuwa ndiyo kwanza imekolea, nyeusi tititi, kuanzia vidoleni mpaka chini ya magoti.

"Ntu kafiwa na miguu ya harusi!" akasema mmoja. "Itolewe!"

Nikawaambia piko haitolewi, inaondoka yenyewe kwa siku zake.

"Weye ndo uliyoitia, itoe weye," akasema Mwanapili. Huyu si shangazi wa mtu. Ni jirani wa nyumba ya tatu, lakini hakuna msiba anaoukosa, na hakuna msiba anaoufika asiusimamie.

Nikaletewa ndimu, chumvi ya mawe na dodoki. Nikapiga magoti mbele ya Nusaiba nikasugua. Walisimama juu yangu wanatazama, na kila nikipunguza mkono Mwanapili anasema, "Bado." Nusaiba hakulia wala hakunitazama. Ngozi ikawa nyekundu, ikaanza kutoa majimaji, na ua limekaa pale pale. Nilisugua kazi yangu mwenyewe kwa chumvi, juu ya miguu ya mtu aliyekuwa na mume alfajiri ya jana. Mwisho wakamvisha soksi za Haroub, wakaona wamemstiri.

Nimerudi nyumbani nalia. Nusu ya kilio ni ya Nusaiba na Haroub. Nusu nyengine ni ya ule mguu wa kulia, na hilo sitamwambia mtu.

24 Agosti

Nimekwenda kumkalia Nusaiba. Hatoki ndani mpaka eda iishe, na itaisha mwisho wa msimu. Soksi bado kavaa. Wanawake wanakuja, wanakula, wanamwambia asubiri, wanaondoka na makombo kwenye vikopo.

2 Septemba

Harusi mbili wiki hii. Picha ya Dubai mara mbili.

7 Septemba

Nimepita barabarani kwa Rahila. Huyu naye anajiita mchoraji. Anazo stika zilizotobolewa mawaridi; anakubandikia mkononi, anakupaka piko kama anayepiga rangi mlango, anabandua, haya nenda zako. Wateja wamejaa mpaka nje. Ni mtalaka kama mimi, mikono mitupu kama mimi, na hapo ndipo tunapofanana pekee. Ameniamkia vizuri. Nikamwitikia huku natazama mawaridi yake. Yote yanafanana kama sahani za dukani.

19 Septemba

Bi Rumaitha ameniita.

Nyumba yake ni ile ya ghorofa yenye mlango wa nakshi. Zamani mikarafuu ya nusu ya upande huu ilikuwa yao; leo wamebaki na mlango, na mume wake, Saud, anauza mabati mjini Chake. Lakini Bi Rumaitha anakaa kitini kama vile bado tunamchumia. Binti yake Alya anaolewa Disemba.

Alya anasomea uuguzi Unguja, amekuja mapumziko. Mama alitoa simu yake. Nikajua kinachokuja, na kikaja: mwanamke wa Dubai, ukucha uliovunjika.

"Mama, miye hiyo siitaki," Alya akasema. Akaniomba daftari langu, akafungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, wala hakulamba kidole. Akasimama kwenye ua la karafuu. "Hili. Mikono yote, mpaka kwenye viwiko."

"Karafuu iliyofunguka?" Bi Rumaitha akasema. "Babu yako angekutupia hiyo karafuu nje."

"Babu hachorwi yeye."

Nilimpenda mtoto yule hapo hapo, na mimi si mtu wa kupenda watoto wa watu. Mama yake akasema, "Haya. Lakini litoke sawasawa, Mwatum. Watakuja watu wa Unguja na wa Maskati."

Ninavyoijua Pemba, nikimpamba Alya nitapamba kila harusi kubwa miaka kumi ijayo. Nikiharibu, au nikinyang'anywa, nitabaki kupaka kucha mpaka nife. Na mkono si mguu. Kuna mishipa ya ndani ya kiwiko, kuna ngozi inayojikunja. Siwezi kulitia ua lile kwa mara ya kwanza kwenye mkono wa bi harusi. Karatasi yangu imekaa eda.

28 Septemba

Nimefunga mlango, nimefunga dirisha, nimejichora mkono wangu wa kushoto.

Kuanzia kifundo mpaka kiwikoni. Piko, na kwenye nyuzi nimetumia hina niliyoitia mafuta ya karafuu ili ikolee. Nilipomaliza nilikaa nao mapajani mpaka ukakauka. Miaka tisa. Nilikuwa nimesahau ubaridi wake. Nimefurahi kama mpumbavu.

Buibui langu lina mikono mirefu. Hakuna atakayeona.

6 Oktoba

Umefifia, nimeupaka upya. Nyuzi sasa ni zenyewe. Kwenye kukunja kiwiko ua linafumba, ukinyoosha linafunguka. Sikulipanga hilo, mkono wenyewe ndio ulionionyesha.

15 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli, na imeniponza.

Ilikuja ghafla saa za adhuhuri, jua linawaka. Karafuu za watu ziko uwanjani juu ya majamvi, na karafuu ikinyeshewa inaota ukungu, kazi ya mwezi inapotea. Hapo hakuna jirani mwema wala mbaya, kila mtu anakimbia. Mimi nilikuwa napika, nina kanga tu na kirinda cha mikono mifupi. Nikatoka hivyo hivyo. Nikashika pembe ya jamvi la Mwanapili, yeye akashika nyengine, tukalibeba mpaka barazani kwake. Tukalishusha. Nikainuka nijipanguse uso kwa mkono wa kushoto.

Mwanapili hakutazama tena karafuu zake. Mvua inampiga mgongoni, yeye kasimama, mdomo wazi.

"Mwatum," akasema. "Hongera, mwenzangu. Mbona hukutwambia?"

"Hongera ya nini?"

"Haya. Kama siri, siri."

"Ni kazi, Mwanapili. Najaribu maua ya Bi Rumaitha."

"Naam, naam," akaniambia, huku ananipapasa bega kama anayembembeleza mtoto mwongo.

Barazani walikuwapo wanawake wengine sita na karafuu zao. Wote waliuona. Nimerudi, wali umeungua.

17 Oktoba

Mvua.

20 Oktoba

Nimeolewa, nasikia. Kwa siri. Sasa Kengeja inanitafutia mume, na juhudi wanayoifanya wangeifanya kwenye barabara yao ingekuwa na lami. Walianza na dereva wa gari la abiria. Wakamwacha, kwa sababu mama yake kaapa. Leo wamekubaliana: ni Jabir wa duka, kwa kuwa nakwenda dukani kwake mara kwa mara. Nakwenda kununua piko! Pembe hizi anayeuza piko ni yeye peke yake. Kwa hesabu yao, anayenunua samaki kila siku ameolewa na mvuvi.

23 Oktoba

Nimekwenda dukani makusudi, watu wakiwapo. Nikamwambia Jabir, "Waambie hawa. Mimi na wewe kuna nini?"

Jabir ana miaka hamsini na ushei, mke mmoja, na tumbo analolibeba mbele kama anakwenda kulitunuku. Alinitazama, akawatazama watu, akacheka kidogo puani. Akasema, "Mambo ya watu mazito, Bi Mwatum."

Hakukana! Mwanamume mzima kapewa mwanamke asiyekuwa wake, akaona fahari kunyamaza. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia la duka. Nimemwona macho yake.

29 Oktoba

Wenye harusi ya kule Jombwe wameghairi kunichukua. Wamesema watapaka wenyewe nyumbani.

1 Novemba

Nimemweleza Nusaiba yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanapili kaja hapa jana. N'kamwambia, huyo huchora miguu yangu tangu mwaka juzi, ndo kazi yake ilivyo. Unajua kanijibu nini? Kasema mfiwa asijisumbue na mambo ya dunia."

"Ungekuwa hukukaa eda ungesimama uwanjani ukawaambia."

"Ningekuwa sikukaa eda usingejichora nkono wako," Nusaiba akasema. Amevua soksi. Miguu imerudi rangi yake, ua halipo, yamebaki mabaka niliposugua.

4 Novemba

Mvua. Hakuna mtu.

5 Novemba

Mvua. Hakuna mtu. Karafuu zinakaushiwa ndani, juu ya vitanda, na watu wanalala chini. Harufu mpaka kwenye maji ya kunywa.

10 Novemba

Bi Rumaitha ameniita tena. Nilijua kabla sijakaa. Hakuagiza kahawa.

Alikuwa na mawifi zake wawili, na juu ya meza Msahafu umewekwa kwenye kitambaa cha kijani.

"Mwatum," akasema, "miye sikushutumu. Lakini chumba cha bi harusi hakiingiwi na kila ntu. Unamwona mtoto hana nguo, unamshika mwili. Lazima tujue mkono unaomshika ni mkono gani. Basi tia mkono hapa, uape kama huna ntu, yaishe. Na hayo maua uyaache yaondoke, usiyarudie."

Nikamwuliza, "Na fundi aliyewachongea mlango huu, mlimwapisha?"

Wifi mmoja akasema astaghafirullah.

"Nawaambieni ni kazi," nikasema. "Nimemwambia Mwanapili, nimesema dukani mbele ya watu. Msahafu siushiki kwa sababu ya piko. Ni Msahafu, si sabuni ya kunioshea mkono."

"Basi hatuna la kusema tena," akasema Bi Rumaitha, akatazama dari. Wale watu wakitaka uondoke hawakwambii, wanatazama dari. Ina nyufa.

Nikaondoka. Njiani nilikuwa na hasira tu, sina hofu. Lakini nimekaa hapa sasa naandika, na hofu imekuja. Kupoteza Alya ni kupoteza wote, maana kila mama wa hapa anangoja kuona Bi Rumaitha kafanya nini ili naye afanye.

14 Novemba

Kucha. Mtoto wa miaka minane, mama yake kamleta kwa mlango wa uani.

22 Novemba

Mvua imekatika kidogo. Amekuja Mwanapili, kajifukiza udi, kavaa viatu. Nikajua kuna jambo.

Kaleta posa ya Jabir.

Nimeiandika hivyo ili niisome tena niamini. Yeye Mwanapili aliyenizushia mume ndiye aliyekuja kunileta kwa huyo mume. Alikaa, akashusha pumzi, akasema, "Mwenzangu, watu wameshasema. Jabir kasema, kwa kuwa wameshasema, na iwe. Utakuwa nke wa pili, nyumba yako hii hii, siku zake atakuja. Na nkono wako utakuwa halali. Utaupaka mpaka begani akikwambia ntu utamjibu, mume wangu kapenda. Bi Rumaitha mwenyewe hatokuwa na neno."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Nikikubali mzee yule aje na tumbo lake mara mbili kwa wiki, Kengeja yote itaniona mwanamke mwema, na mlango wa nakshi utafunguka. Neno moja tu. Nikalipima lile neno. Nikamkumbuka mkewe nyuma ya pazia. Nikakumbuka kicheko kile cha puani. Ua nilichore mimi, kisha nimtafute mwanamume wa kulitolea ruhusa!

"Mwambie sitaki," nikasema.

"Usijibu leo. Fikiri."

"Nimeshafikiri. Mwambie hata piko nitaagiza Chake."

Mwanapili akainuka. Akafika mlangoni, akarudi. Akachungulia nje, akainama karibu yangu. "Hebu nilione."

"Nini?"

"Hilo ua. Siku ile mvua ilikuwa nyingi, sikuliona sawasawa."

Nikapandisha mkono wa nguo; nimeupaka upya wiki iliyopita. Alilitazama muda mrefu, akanikunja kiwiko, akakinyoosha, akakikunja tena. "Loo," akasema. "Ni karafuu! Nami si ungenitia, mguuni, chini chini? Miye mume n'nae."

Nikamwambia mafuta ya karafuu yamekwisha. Chupa ilikuwa mbele yake.

30 Novemba

Nimesikia Alya atapambwa na Rahila. Haya. Watu wa Maskati wataona mawaridi ya sahani.

3 Disemba

Sijachora kitu siku nyingi. Mkono umefifia, umekuwa rangi ya moshi. Nilichanganya piko leo nikaitazama mpaka ikakauka kikombeni, nikaimwaga.

7 Disemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Shamba la Haroub limechumwa mara ya mwisho, nduguze wamezileta karafuu kwa Nusaiba, tukaitwa tuchambue. Nilikwenda kwa ajili yake. Tulikaa uwanjani kuizunguka chungu ya karafuu, kila mtu anatenga karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule. Nusaiba alikuwa ndani, karibu na mlango, pazia limeshushwa, anachambua fungu lake. Mwanapili yuko. Mke wa Jabir yuko. Nimeachiwa nafasi kulia na kushoto, kama nina ukoma.

Akaja Rahila. Akatoa salamu, akaja akaketi kwenye ile nafasi ya kulia kwangu. Nikasema moyoni, kaja kunionyesha uso baada ya kuchukua kazi yangu. Akavua buibui akalikunja. Ndani alivaa nguo ya mikono mifupi.

Mikono yote miwili, toka viganjani mpaka juu ya viwiko, ilikuwa mawaridi. Yale yake ya stika. Yamebandikwa vibaya, kwa sababu mtu hawezi kujibandika mwenyewe sawasawa: moja limepanda juu ya jengine, la kiwikoni limekaa kichwa chini, kwenye mkono wa kulia piko imevuja ikateremka kama wino. Sijapata kuona kazi mbaya kama ile juu ya mwili wa binadamu.

Akachukua kikonyo, akaanza kuchambua.

Mikono ya watu ikasimama juu ya chungu. Mwisho Mwanapili akasema, "Rahila. Kulikoni?"

"Kulikoni nini?"

"Mikono."

"Nimejipaka."

"Na mume je?"

"Sina," akasema Rahila. "Mnanitafutia? Mwenzangu huyu mmempa Jabir. Miye mtanipa nani? Fanyeni haraka, lakini musinipe Jabir, miye nke wa tatu siwi."

Nyuma ya pazia Nusaiba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Agosti. Alicheka mpaka akakohoa, na mke wa Jabir, aliyeinamisha uso tangu tunaanza, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Mwanapili akasema mfiwa hacheki. Nusaiba akamjibu kutoka ndani, "Njoo unisugue kwa chumvi."

Rahila hakucheka. Akasema, bila kumtazama mtu, "Jana nilikwenda kwa Bi Rumaitha. Nikamwambia yule mtoto ua alitakalo miye siliwezi, hakuna stika yake, na hata ingekuwapo. Nikamwonyesha na mikono. Nikamwambia kama Mwatum aape, basi miye niape mara mbili, na siapi. Sasa ana siku sita na hana mchoraji."

Nilimshika mkono nikamwinua, nikamvuta mpaka nyumbani kwangu, makonyo bado yamemnasa kwenye nguo.

"Nani kakwambia ubandike waridi kichwa chini?" nikamwambia. Ndilo neno la kwanza lililonitoka. Nilikuwa nataka kusema jengine.

"Sikuona vizuri. Kioo kidogo."

"Na kwa nini umefanya?"

Akakaa. "Stika mpya zikija, unadhani najaribu wapi?" akasema. "Mapajani. Miaka saba najipaka mapajani, najifungia mlango kama mwizi. Nikasikia habari ya nkono wako, nikasema, kumbe tuko wawili."

Nilimdharau mtu huyu miaka saba. Bado maua yake ni mabaya, hilo silifuti. Lakini mimi sikuthubutu kutoka nje na langu zuri, mvua ndiyo iliyonitoa. Yeye katoka mwenyewe, na lile baya.

Nikachanganya piko. "Nyoosha," nikamwambia. Kila waridi nikaligeuza likawa kivuli, na juu yake nikatia karafuu. Ilituchukua mpaka magharibi. Lile la kichwa chini nimeliacha, kaliomba mwenyewe.

9 Disemba

Bi Rumaitha ametuma mtu. Nije, na Rahila aje, apambe mabinamu. Habari ya Msahafu haikutajwa. Inaelekea Alya kamwambia mama yake ataolewa na mikono mitupu, na watu wa Maskati waone.

13 Disemba

Jua. Nimempamba Alya, asubuhi mpaka alasiri. Nilipandisha mikono ya nguo yangu juu ya viwiko, nikafanya kazi hivyo. Mkono wangu, nilioupaka upya jana, na mkono wake ilikuwa sambamba juu ya mto, na kila mara anakunja kiwiko kuona ua linafumba, namwambia atulie.

Bi Rumaitha aliingia mara moja. Alitazama mkono wa mwanawe, akatazama wangu. Akasema, "Limetoka." Hakuomba radhi na sikuitaka. Wanawake wa Maskati walipiga picha. Mwakani mtu atanitolea picha hiyo kwenye simu.

21 Disemba

Msimu umekwisha, majamvi yamekunjwa. Nusaiba ametoka eda.

Alikuja mchana, kavaa kanga mpya. Rahila alikuwa kwangu, miguu juu ya kigoda, namjaribia jani la muhogo. Ana ngozi nzuri ya kuchorea, bora kuliko ya Nusaiba, ila anazungumza sana. Nusaiba akasimama mlangoni, akatutazama.

"Umepata karatasi nyengine," akasema.

"Hii inanena," nikamwambia.

Tangu siku ile ya chumvi sijamwomba msamaha, kila nikitaka naona aibu. Nikataka kusema sasa. Yeye akavua viatu, akaketi karibu ya Rahila, akapandisha kanga mpaka gotini. Mabaka bado yapo, mepesi. Mjane, mchana kweupe, akaweka mguu wa kulia juu ya kigoda changu.

"Lile la karafuu," akasema. "Litie pale pale ulipolitoa."

Nimelitia. Nilikuwa nalia, kwa hivyo nimechora polepole, na nyuzi hazikutetemeka hata moja. Mlango niliuacha wazi, Mwanapili apite aone.